Kwa Tumpe, Njia Ni Moja

Makonda wa Kosta za Igurusi na Chimala ndio waliokipa kituo kile jina. "Kwa Tumpe! Wa Kwa Tumpe sogea mlangoni!" Ukishuka huoni stendi wala kibanda. Unaona rundo la moramu, kifusi chekundu cha barabara, lililoota majani, pipa la mchanga lililopakwa rangi nyekundu, na mwanamke mwenye reflekta iliyomzidi mabega, kibendera chekundu mkono huu, cha kijani mkono ule. Huyo ndiye Tumpe. Akisimamisha magari husimama imara kama mlingoti. Akiyaruhusu, hapo ndipo abiria huchungulia madirishani, maana kile cha kijani hakipandi peke yake. Kinapanda na bega, bega linavuta kiuno, na gari la kwanza likipita mwenyewe ameshageuka mzima mzima kama yuko kwenye harusi ya mwanawe.

"Tumpe, leo nani anaoa?" madereva wa malori ya Zambia humpigia kelele.

"Wewe! Mahari umeleta?"

"Nimeleta shaba!"

"Shaba peleka bandarini. Mimi niletee ng'ombe."

Kazi hiyo aliipata mwaka ambao barabara kuu ilianza kupanuliwa iwe ya njia nne. Kabla ya hapo alikuwa akiuza viazi vya kuchemsha pale Uyole, kwenye baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Mkandarasi alipotangaza kwamba anataka watu wa kushika bendera, waliokwenda kambini walikuwa wanaume tupu, na Tumpe akiwa na beseni lake la viazi kichwani. Aliwauzia viazi wote, kisha akapanga foleni nyuma yao. Akachukuliwa. Mume wake, Lugano, dereva wa bajaji, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamke anayenisimamisha nyumbani sasa atanisimamisha na barabarani!"

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa raha. Watu walitoka majumbani kwenda kutazama greda kama wanavyokwenda kutazama mpira. Mlima ulikatwa ubavu, tuta jipya likanyanyuliwa, likashindiliwa, likang'aa wekundu baada ya mvua.

Halafu hela zikaanza kuchelewa. Hazikukatika kwa siku moja. Kwanza yalipungua malori ya kifusi, halafu wapishi wa kambini, halafu ukanyamaza mtambo wa kokoto, na mwisho hata jenereta ya kambini ikawa haisikiki. Tuta likabaki juu, kiporo, limepandwa na mbuzi. Na ile barabara ya zamani, iliyokuwa imekwisha kukatwa nusu kupisha kazi, ikabaki na upana wa gari moja tu, inazunguka ubavu wa mlima kiasi kwamba aliye mwanzo hamwoni aliye mwisho. Mkandarasi alirudisha watu wengi makwao. Aliowabakiza ni walinzi wa mitambo na washika bendera, kwa sababu bila hao watu wangekufa.

Upande wa Uyole alikuwa Tumpe. Upande wa Inyala alikuwa Faustina, Mhehe wa Kilolo, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Redio za kuzungumzia zilikuwa zimekusanywa pamoja na vifaa vingine, na pale mlimani simu hazikushika mtandao, kwa hiyo wawili hao walikuwa na njia yao. Faustina akiruhusu magari ya upande wake, gari la mwisho hulikabidhi tawi bichi la mkaratusi. "Mpe mwenzangu kule, mkononi." Tumpe akilipokea tawi anajua njia ni tupu, anayaruhusu ya kwake, na la mwisho linalirudisha tawi kwa Faustina. Bila tawi, hakuna kibendera cha kijani. Waziri akifika asubiri, bibi harusi asubiri.

Lile tawi lilikuwa pia posta yao. "Mwambie Mhehe huyo leo amechelewa kuamka!" Tumpe humtuma dereva. Na dereva wa upande wa pili hufika na jibu: "Mama, yule mwenzako anasema, nyie mnaoshindia ndizi hamna nguvu ya kuinua bendera."

Maisha yangeendelea hivyo, kwa kelele na vumbi na vicheko, kama si baba mkwe.

Kwao Lugano ni Wanyakyusa wa kushika mila. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, lakini ukoo ule haukulegeza hata baada ya wote kuwa waumini wazuri wa Kanisa la Moraviani. Mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hakai naye nyumba moja, hali naye, hampi kitu mkononi, jina lake halitamki, na akimwona njiani anatoka njiani, anainama majanini, anajifunika khanga mpaka mzee apite. Si uadui. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu aolewe, Tumpe alikuwa amemwona baba mkwe wake kama watu wanavyoona mvua ya mbali: mgongo, kofia, kivuli kinachopotea kwenye migomba.

Mzee mwenyewe, Anania, alikuwa na nyumba pale pale kando ya barabara. Nyumba ikawekewa alama ya X, akalipwa fidia, ikabomolewa, akahamia upande wa Inyala na mkewe, bibi Lea. Hakuona tabu. Tabu yake ilikuwa moja: kwaya. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa Uyole, na kila Alhamisi mchana kulikuwa na mazoezi. Besi ile ilikuwa moja tu. Akikosa yeye, kwaya nzima huning'inia hewani kama shati kwenye kamba.

Kwa hiyo Alhamisi ya kwanza baada ya kuhama, mzee alipanda Kosta.

Tumpe aliona kofia dirishani. Miguu yake ilijua kabla ya kichwa. Alipotahamaki yuko nyuma ya rundo la moramu, amepiga magoti, khanga usoni, na vibendera vimelala barabarani. Dereva wa lori la mbele upande wake, kuona cha kijani kimelala juu ya chekundu, akajitafsiria anavyotaka, akaingia. Kwa upande wa pili Kosta zilikuwa bado zinakuja. Wakakutana katikati ya mlima, pua kwa pua, hakuna wa kurudi nyuma. Foleni ilifika mpaka Uyole mjini. Wauza maandazi walimaliza beseni zao, wakaenda kukaanga mengine, nayo wakayamaliza.

Jioni ile Samwel, msimamizi wa kipande kile, alimwita. Hakuwa mtu mkali, lakini alikuwa amesimama juani tangu mchana.

"Tumpe, uliacha kituo."

"Baba mkwe wangu alipita, bosi."

"Alipita, ndiyo. Barabara kazi yake ni kupitisha watu."

"Kwetu sisi..."

"Najua kwenu. Mke wangu ni wa kwenu." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Hela zikija, kazi ikianza tena, watu watachukuliwa upya, na si wote. Jina lako nataka kuliweka la kwanza. Ukiacha kituo mara nyingine, siliweki. Sitakuwa na la kusema kwa wenye mradi."

Tumpe alirudi nyumbani mdomo umefungwa, na Lugano, ambaye hakuwahi kuuona umefungwa, aliogopa. Akasimuliwa. Kurudi kwenye beseni la viazi haikuwa aibu. Tumpe hakuidharau ile kazi. Lakini pale mlimani alikuwa amejua kitu ambacho hakukijua kabla: kwamba akiinua mkono, dunia inasimama, akiushusha, inacheza. Hakutaka kukirudisha.

Suluhisho lilitoka kwa bibi Lea, kwa maana mama mkwe na mkamwana husema watakavyo. "Lugano ana bajaji," alisema kwenye simu. "Amlete baba yake kila Alhamisi. Na mzee afungue mwavuli."

"Ndani ya bajaji, mama?"

"Kwani bajaji haina nafasi? Afungue upande wako, ajifiche yeye. Siku zote mnajificha nyie tu."

Ikawa hivyo. Kila Alhamisi mchana bajaji ya Lugano ilizunguka mlima ikiwa imevimba ubavuni kwa mwavuli mkubwa wa rangi zote za upinde wa mvua. Tumpe naye aligeuza mgongo, akapeperusha kibendera kwa nyuma, juu ya bega, kama mtu anayefukuza nzi. Faustina, aliyekuwa ameelezwa, hakuiacha bajaji ile iwe ya mwisho hata siku moja. Madereva walipiga honi kwa furaha. Mmoja wa Tunduma alidai amevuka nchi nne na hajaona mvua inayonyesha ndani ya bajaji.

Katikati ya hayo uliitishwa mkutano wa wananchi kwenye ukumbi wa kata, mhandisi wa mradi aje kujibu kwa nini barabara imesimama. Tumpe alikwenda, akakuta mzee yumo ndani, safu ya mbele. Akabaki nje, chini ya dirisha, pamoja na wenye watoto wanaolia.

Watu waliuliza kwa hasira, wengine kwa matusi ya adabu. Kisha akasimama mtu mwenye sauti nzito, iliyotoka chini kama jiwe linaloviringishwa polepole.

"Mheshimiwa mhandisi, mimi nyumba yangu mliibomoa, mkanilipa, sina neno. Juzi nimepita pale palipokuwa sebule yangu, nikakuta mbuzi watatu wamelala. Nimewasalimia. Ninachoomba kujua ni kimoja: hii barabara mnawajengea wao, au na sisi tumo?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Nje, chini ya dirisha, Tumpe aliziba mdomo kwa khanga. Hiyo ndiyo sauti yake? Hivi ndivyo anavyochekesha? Watoto wake wamekula kicheko hiki kila likizo, na yeye hakuwahi kukionja.

Mhandisi naye alicheka, na baada ya kucheka akasema kweli. "Mzee wangu, sisi wote hapa tunajenga nyumba zetu kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bati Mungu akijalia. Barabara kubwa haikubali hivyo. Ukiacha tuta bila lami mvua mbili, linakwenda na maji, unalipia mara ya pili. Na fedha yake haiko kwenye sanduku moja. Kuna mkopo, ambao mkopeshaji hautoi mpaka kazi ipimwe na makaratasi yapite meza nyingi. Kuna sehemu ya serikali, inayogombewa na shule na hospitali. Lami inanunuliwa kwa dola, na dola haikai bei moja. Halafu tulipochimba hapa kwenu tukakuta bomba kuu la maji ambalo kwenye mchoro lilikuwa kwingine. Kulihamisha ni bajeti nyingine. Mkandarasi anatanguliza fedha yake ndipo alipwe. Malipo yakichelewa, anapunguza watu. Na mitambo ikisimama, inaendelea kudai."

"Kwa hiyo tusubiri?" mtu akapaza sauti.

"Tusubiri, lakini si sana. Malipo yameidhinishwa. Nikidanganya, mje mnilaze sebuleni kwa mzee."

"Mbuzi hawatakubali," ikasema ile besi, na ukumbi ukaangua tena.

Tumpe alirudi nyumbani usiku ule akiwa na wivu wa ajabu, wivu wa kuwaonea watu wengine mkwe wake mwenyewe.

Mhandisi hakudanganya. Wiki chache baadaye malori mawili ya kifusi yalionekana, halafu greda juu ya trela, limefungwa minyororo kama fahali. Samwel alikuja mbio na pikipiki. "Alhamisi wakubwa wa mkandarasi wanapita kuangalia kipande chote. Nitaandika majina siku hiyo hiyo. Tumpe, nakuomba. Nakuomba kama dada yangu."

"Usiwe na wasiwasi, bosi. Nina mwavuli."

Alhamisi asubuhi bajaji ya Lugano iligoma kuwaka. Alipuliza plagi, akaisukuma, akaitukana, akaibembeleza. Akampigia baba yake asitoke. Simu iliita ndani ya nyumba, juu ya meza, karibu na miwani. Mzee alikuwa ameshachoka kungoja. Pasaka ilikuwa inakaribia, kwaya ilikuwa na wimbo mpya ambao besi ndiyo inayouanza, na baiskeli ilikuwa pale ukutani.

Alifika kwa Faustina akihema. Faustina hakuwahi kumwona bila mwavuli. Aliona mzee wa heshima, suti ya kaunda, klipu za nguo kwenye suruali, na baiskeli itakayokuwa nyuma ya magari yote hata akipewa mbele. Basi akafanya kama anavyofanya siku zote.

"Kamwene, baba. Wewe ndiye wa mwisho. Shika tawi hili, mpe mwenzangu kule, mkononi."

Mzee alilichukua kabla hajafikiri. Alipozunguka kona ya katikati ndipo alipofikiri, lakini nyuma yake njia ilikuwa imefungwa kwa ajili yake, na mbele walikuwa wanamngoja yeye.

Tumpe alihesabu magari yakitoka: lori, lori, Kosta, Noah, pikipiki. Halafu akaliona tawi, na chini ya tawi kofia.

Safari hii alijitahidi. Alikaza miguu. Aliikumbuka sauti ya Samwel, na safari hii alikuwa na akili ya kuchomeka kibendera chekundu juu ya pipa ili mtu asiingie. Kisha akakimbia, akainama nyuma ya moramu, akajifunika.

Mzee alishuka kwenye baiskeli. Mbele yake foleni ya magari ya upande wa Uyole ilikuwa imefika mbali, injini zinanguruma. Pipa. Bendera. Hakuna mtu. Pale ukingoni, kipande cha khanga ya manjano kilikuwa kinatetemeka.

Dereva wa lori la kwanza akatoa kichwa. "Mzee, vipi? Yuko wapi Tumpe? Lete tawi tupite!"

Na nyuma ya lori lile kulikuwa na gari jeupe la wakubwa, na kutoka kwenye gari jeupe Samwel alikuwa anakuja kwa miguu, karatasi mkononi, uso umemwanguka.

"Ameondoka tena," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Leo hii. Mbele ya hawa."

"Atafanywaje?" mzee akauliza.

"Sina namna, baba. Kituo ni kituo. Namfuta."

Dereva wa lori akaruka chini. Alikuwa mwenyeji wa njia, ameshaelewa. Akanyoosha mkono. "Nipe mimi hilo tawi, mzee wangu. Nitampelekea mimi, wewe pita zako, mila haijavunjika."

Ilikuwa njia nzuri, ya heshima kwa wote. Mzee alilitazama tawi, akaitazama khanga inayotetemeka, akamtazama Samwel na kalamu yake.

"Hapana," alisema. "Aliyenipa kaniambia mkononi."

Akavua kofia, akaiweka kwenye usukani wa baiskeli. Akatembea mpaka kwenye rundo la moramu, akasimama upande wa pili, akaongea kwa sauti ile ya chini kabisa.

"Mwanangu Tumpe. Mimi ni baba wa Lugano. Wazee wetu walipotaka kuifungua njia kati ya mzee na mkamwana, mzee alimwita kwa jina lake, akampa zawadi kwa mkono wake, mbele ya watu. Jina nimeliita. Watu hawa hapa, na wanapiga honi. Zawadi niliyo nayo leo ni jani la mti, na tena si langu. Mbuzi atafuata. Inuka, mama, upokee. Unawacheleweshea watu safari."

Khanga ilitulia. Kisha ikashuka.

Walitazamana. Alikuwa na macho ya Lugano, Tumpe aliona; yale yale, yenye kucheka kabla ya mdomo. Machozi yalimtoka bila ruhusa. Alipiga goti, akanyoosha mikono miwili, akalipokea tawi.

"Mugonile, tata," alimsalimia kwa Kinyakyusa, kisha akashukuru: "Ndaga fijo."

"Ndaga. Sasa nenda kazini."

Alikwenda mbio. Kibendera cha kijani kilipanda na bega, bega likavuta kiuno, na foleni nzima ikalipuka honi: malori, Kosta, bodaboda, mpaka gari jeupe la wakubwa, ambao hawakujua kinachoendelea lakini hawakutaka kuachwa. Akina mama waliokuwa kwenye Kosta walipiga vigelegele. Dereva wa lori alipita akipangusa macho kwa kiganja, akidai ni vumbi.

Samwel alibaki na karatasi yake. "Huyu ameacha kituo," alimwambia mzee, kama anayeomba msaada.

"Hajaacha. Alikuwa anapokea wageni. Andika."

Aliandika. Mbuzi alifika Jumapili, dume jeupe, amefungwa ndani ya bajaji iliyopona, na wakamla pamoja nyumbani kwa Lugano, mzee na mkamwana kwenye mkeka mmoja, wakicheka mpaka bibi Lea akawaambia wapunguze, majirani watadhani wamekunywa.

Kazi sasa inaendelea. Bomba limehamishwa, tuta linashindiliwa upya pale lilipoliwa na mvua, na mhandisi anasema kipande cha Kwa Tumpe kitapata lami kama malipo yajayo hayatachelewa, na anaposema hivyo anaongeza Mungu akipenda. Mpaka hapo njia ni moja, na tabu iliyobaki ni ya namna nyingine. Kila Alhamisi mzee hupita kwa baiskeli, na hapiti. Anasimama. Ana salamu za miaka mingi, ana habari za bibi, za viazi, za yule wa sauti ya tena kwenye kwaya anayeimba kama mlango unaolia, na Tumpe anataka kuzisikia zote, foleni za pande zote mbili zikingoja.

Juzi tawi lilimfikia likiwa limeletwa na dereva wa semi, mwenye jasho na ujumbe.

"Mama, yule mwenzako wa Inyala anasema hivi: mrudishieni mzee mwavuli wake, la sivyo yeye anakwenda kwao Kilolo."

"Mwambie aje anywe chai," mzee Anania akajibu, akiegemeza baiskeli vizuri kwenye pipa. "Enhe, Tumpe mwanangu, nilikuwa nimefika wapi?"